Wawili Upande Mmoja wa Wavu

Msomaji, kabla sijakusimulia habari za wachezaji, nataka kwanza nikuonyeshe ua. Ikiwa umepata kupita Barabara ya Ngong, jijini Nairobi, wakati wa alfajiri, bila shaka umewaona watu wengi wakienda kwa miguu kuelekea kazini. Baadhi yao hutoka Kibera, upande wa kusini wa barabara. Baadhi hutoka Kawangware, upande wa kaskazini. Ni waashi, wapishi, mayaya, watunza bustani, walinzi na wachuuzi. Kando ya njia yao ziko nyua ndefu za michongoma na za waya, na ndani ya nyua hizo mna vilabu vya michezo na shule zenye viwanja vizuri. Mara nyingine mpita njia husikia mlio wa mpira ukipigwa kwa raketi asimwone mpigaji. Huo ni mchezo wa tenisi. Kwa zaidi ya miaka mia watu wa Nairobi wameusikia mlio huo. Waliopata kuushika mpira wenyewe ni wachache, na wengi wa wachache hao waliushika ili wamrudishie mwenye kucheza.

Katika insha hii nitakueleza jinsi baadhi ya watu walivyoupita ua huo, wakaingia ndani, wakacheza, na wakajulikana ulimwenguni. Nitashika zaidi habari za mchezo wa wawili wawili, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni katika mchezo huo Wakenya walipata taji zao kubwa. Ya pili, mchezo wenyewe una funzo ambalo nataka ulipime kwa akili yako tutakapofika mwisho.

Tenisi huchezwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mmoja kwa mmoja: kila upande wa wavu husimama mtu peke yake. Namna ya pili ni ya wawili kwa wawili. Urefu wa uwanja ni mita 23.77 katika namna zote mbili, lakini upana hubadilika: mmoja kwa mmoja huchezea upana wa mita 8.23, na wawili kwa wawili huchezea mita 10.97. Hesabu hapo, msomaji. Watu wameongezeka mara mbili, na uwanja umeongezeka kwa thuluthi moja tu. Kwa hiyo nafasi za wazi ni chache, mpira hurudi upesi, na hapana wakati wa kuulizana. Mchezaji aliye karibu na wavu humwonyesha mwenzake ishara kwa vidole nyuma ya mgongo, ili adui asione, akimjulisha kama atakimbilia upande wa pili au atakaa palepale. Akikimbia, hana budi mwenzake azibe pengo aliloliacha. Akiamini kwamba pengo litazibwa, atakimbia kwa moyo mmoja. Akiwa na shaka, atachelewa nusu ya hatua, na nusu ya hatua yatosha kupoteza pointi.

Ndiyo sababu mtu aweza kuwa hodari sana akicheza peke yake, na asiwe kitu akipewa mwenzi. Tena mchezaji wa wawili wawili hana ushindi wa peke yake. Jina lake katika orodha ya mabingwa huandikwa pamoja na jina la mwingine, na fedha za zawadi hugawanywa. Hata ruhusa ya kuingia katika mashindano hutolewa kwa kujumlisha daraja za wote wawili. Akipanda mmoja, humvuta mwenzake, akishuka, humshusha.

Mchezo huu kwa sura yake ya sasa ulitengenezwa Uingereza. Mwaka 1874 Meja Walter Wingfield aliandikisha kwa serikali haki ya vifaa na kanuni zake, na mwaka 1877 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Wimbledon, karibu na London. Mwaka ule walicheza wanaume tu, mmoja kwa mmoja. Mashindano ya wanaume wawili wawili yaliingizwa Wimbledon mwaka 1884, na ya wanawake wawili wawili mwaka 1913. Waingereza walipokwenda kutawala nchi za watu waliuchukua mchezo wao pamoja na vitu vyao vingine, na ndivyo ulivyofika kwetu.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1901, ilianzishwa Nairobi Club, na mwaka 1906 kikaanzishwa chama cha gofu ambacho baadaye kiliitwa Royal Nairobi Golf Club. Utaona kwamba mji ulikuwa bado wa mabati na matope, na tayari mabwana walikuwa na mahali pao pa kupumzika. Wahindi na Wagoa, ambao hawakukubaliwa katika vilabu vya Wazungu, walijijengea vyao. Mwafrika hakuwa na mahali popote pa kuchezea. Aliingia katika vilabu vyote kwa jina moja, jina la mtumishi.

Sasa tazama jambo hili. Katika miaka ileile ya kuanzishwa kwa vilabu, yaani mwaka 1904, askari Wanubi waliotoka Sudani na kutumikia jeshi la Mwingereza walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu ulio kusini magharibi ya mji. Kwa lugha yao waliuita Kibra, maana yake msitu au pori. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi kuwa ardhi hiyo, eka 4,197, ni ya jeshi. Lakini Wanubi hawakupewa hati ya kuimiliki. Kwa hiyo kadiri mji ulivyokua, ndivyo ardhi yao ilivyomegwa, sehemu hii kwa mtaa mpya, sehemu ile kwa shughuli nyingine, hata ikabaki kidogo, na katika hicho kidogo wakaja watu wa makabila yote kutafuta chumba cha bei nafuu karibu na kazi. Hati ilikuja mwaka 2017, miaka zaidi ya mia baada ya askari wale kupiga kambi, na eka zilizoandikwa ndani yake zilikuwa 288.

Kawangware ina historia nyingine, lakini mwisho wake wafanana na huo. Ilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu ya Dagoretti, penye mashamba na vichaka. Ndege kwale kwa Kikikuyu huitwa ngware, na wengi huliona jina la ndege huyo ndani ya jina la mahali. Upande wa mashariki ya hapo ulijengwa mtaa wa Lavington, wenye nyumba kubwa na bustani pana, na kila nyumba ilihitaji mpishi, yaya na mlinzi. Watu hao walitafuta mahali pa kulala wasipohitaji nauli, wakapapata Kawangware. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, vyumba vya kupangisha viliongezeka, na kwale akahama.

Hivyo basi, Kibera na Kawangware hazikuzuka kwa bahati. Zilizaliwa pamoja na vilabu na nyumba kubwa, kama kivuli kizaliwavyo pamoja na ukuta. Kibera imepakana na uwanja wa gofu, na tangu zamani vijana wake wengi wameingia mle kubeba mikoba ya wachezaji. Katika viwanja vya tenisi vilevile, vijana wa mitaa ya jirani waliokota mipira, wakafagia, wakachora mistari kwa chokaa. Wengine waliyatazama mapigo siku nzima, na jioni, mabwana walipokwisha kuondoka, wakayajaribu. Huo ndio mlango wa kwanza ulioingiza watu wetu katika tenisi: mlango wa kazi. Ulikuwa mwembamba, na mwenye kuupita alipita ameinama. Lakini ulikuwa mlango.

Usidhani, msomaji, kwamba ua huo ulikuwa Nairobi tu. Huko Marekani, katika mtaa wa Harlem mjini New York, aliishi msichana mweusi, Althea Gibson, aliyezaliwa mwaka 1927. Uwanja wake wa kwanza ulikuwa barabara ya mtaani iliyofungwa ili watoto wacheze, na alichezea kibao cha mti. Watu wa mtaa walipouona uhodari wake walichanga fedha, wakamlipia ada ya klabu ya tenisi ya watu weusi. Zingatia hapo: mtaa ulichanga. Hata hivyo mashindano makubwa ya Marekani yalikataa kumpokea mpaka mwaka 1950, baada ya Alice Marble, bingwa wa zamani aliyekuwa Mzungu, kuandika gazetini kulaumu ubaguzi ule. Na mwaka 1956 Althea Gibson alipotafuta mwenzi wa kucheza naye, aliungana na Mwingereza, Angela Buxton. Huyu alikuwa Myahudi, na vilabu vingi vya siku zile vilikuwa haviwataki Wayahudi. Basi waliokataliwa wawili wakasimama upande mmoja wa wavu, wakashinda mashindano ya wanawake wawili wawili ya Ufaransa, kisha ya Wimbledon. Mwaka uliofuata, Althea Gibson alishinda Wimbledon akicheza peke yake. Lakini taji lake la kwanza la Wimbledon lilikuwa lile la pamoja.

Mwamerika mweusi mwingine, Arthur Ashe, alifika kwetu. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Stan Smith walizuru nchi kadhaa za Afrika wakicheza na kufundisha, na Kenya ilikuwa moja yao. Mwaka 1971 Ashe alirudi Afrika, na mjini Yaoundé, katika Kameruni, akamwona mtoto wa miaka 11 aliyepiga mpira kwa ajabu. Jina lake Yannick Noah. Ashe alipeleka habari zake Ufaransa, na mtoto akachukuliwa huko kufundishwa. Mwaka 1978 wawili hao walicheza pamoja Wimbledon, mtazamaji na mtazamwa, upande mmoja wa wavu. Mwaka 1983 Noah alishinda mashindano makuu ya Ufaransa, na mwaka 1984 akayashinda tena, safari hii katika mchezo wa wawili wawili, akiwa na Henri Leconte. Je, mwaka ule wa 1971 hapakuwa na watoto wengine barani Afrika wenye mkono kama wa Noah? Naamini walikuwako. Lakini wao hakupita mtu wa kuwaona.

Mpaka mwaka 1968 mashindano makubwa yalikuwa ya watu wasiolipwa. Jambo hilo lilisifiwa kuwa la kiungwana, lakini ukilichungua utaona kwamba lilimfungia nje asiye na mali, kwa maana nani atacheza mwaka mzima bila mshahara isipokuwa mwenye kutunzwa? Tangu mwaka huo wachezaji wa kulipwa walikubaliwa, na tenisi ikawa kazi. Ni kazi ngumu. Mchezaji hujilipia nauli, chumba na mwalimu. Pointi anazozipata hudumu kwa majuma 52, kisha hufutwa, naye hana budi kuzitafuta upya. Akiumia mguu, hakuna wa kumlipa. Kwa mtu wa Nairobi ugumu huo huzidi, kwa sababu mashindano mengi yako mbali, na kila safari ni ya ndege.

Mkenya aliyeishika kazi hiyo akafika mbali ni Paul Wekesa. Alizaliwa mwaka 1967, akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 1987. Katika miaka yake mashindano ya daraja la juu hayakufanyika Afrika ya Mashariki, hivi kwamba kila alipotaka kucheza na walio bora alifunga safari. Mwaka 1989, mjini Seoul, Korea, yeye na Mwamerika Scott Davis walishinda mashindano ya wawili wawili. Katika maisha yake ya mchezo alishinda mashindano matatu ya namna hiyo, kila mara, bila shaka, akiwa na mwenzi. Akicheza peke yake alipanda hadi nafasi ya 100 ulimwenguni, mwezi Juni mwaka 1995. Yawezekana mtu akasema, 100 ni nafasi gani ya kujivunia? Na ajiulize ni watu wangapi hushika raketi duniani, kisha wangapi kati yao walianzia Kenya. Baada ya Wekesa ilipita zaidi ya robo karne kabla ya jina la Mkenya kusikika tena kwa kishindo katika tenisi ya dunia.

Jina hilo ni Angella Okutoyi. Alizaliwa mwezi Januari mwaka 2004 pamoja na pacha wake. Mama yao aliaga dunia wakiwa wachanga, na nyanya yao akawachukua kuwalea. Nyanya huyo alikuwa mfanyakazi katika shule ya wasichana ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, na watoto walikulia katika nyumba za watumishi zilizo ndani ya kiwanja cha shule. Hapa lazima nikupe maelezo, msomaji, usije ukapotea. Angella Okutoyi hakulelewa Kibera wala Kawangware. Lakini nyanya yake alikuwa mtu wa kundi lilelile uliloliona njiani alfajiri, kundi la wenye kufagia na kupika katika nyua za wengine. Tofauti ilikuwa moja tu: jioni wenzake walitoka langoni wakarudi mitaani kwao, na yeye alibaki ndani. Kwa sababu alibaki ndani, wajukuu wake walilala ndani. Na ndani mlikuwa na uwanja wa tenisi.

Alianza kucheza akiwa na umri wa miaka minne. Yatafakari hayo kidogo. Mtoto wa miaka minne hana akili ya kuchagua kazi ya maisha. Hucheza na kilicho mbele yake. Aliye na mto karibu huogelea, aliye na mwembe hukwea. Huyu alikuwa na uwanja. Mtoto mwenye mkono kama wake, aliyezaliwa mwaka huohuo kilomita chache kutoka hapo, katika chumba cha Kibera, alikuwa na kichochoro na mpira wa makaratasi. Huyo wa pili hatumjui jina. Historia huandika habari za waliopita langoni; yatupasa tukumbuke kwamba lango lilikuwako.

Angella alipoonekana kuwa na kipaji, alichukuliwa angali mtoto kwenda katika kituo cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa huko Bujumbura, Burundi, na baadaye Moroko. Kwa hiyo utoto wake ulipita mbali na nyanya yake. Watu hupenda kuusifu ushindi bila kutaja gharama hiyo. Mwaka 2021 alishinda ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia, na ushindi ule ukamfungulia njia ya kwenda Australia. Huko, mwezi Januari mwaka 2022, alimshinda Federica Urgesi wa Italia kwa seti mbili kwa moja, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda pambano katika mashindano makuu ya vijana.

Mwezi Julai mwaka huohuo alikuwa Wimbledon. Katika mchezo wa wasichana wawili wawili mwenzi wake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walicheza wakafika fainali, na upande wa pili wa wavu wakawakuta Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Jina hilo la mwisho huenda limekugutusha, na limekugutusha kwa haki: wazazi wa Mboko walitoka Kongo. Kwa hiyo siku ile, katika majani ya Uingereza, binti wa Kenya na binti wa wazazi waliotoka Kongo walitazamana, kila mmoja akiwa na mwenzi wake.

Seti ya kwanza Okutoyi na Nijkamp walishindwa, 3 kwa 6. Ya pili walishinda, 6 kwa 4. Seti zikawa sawa. Kwa kanuni ya mashindano yale, seti ya tatu haichezwi kamili: huchezwa pointi moja moja mpaka upande mmoja upate 10, na uwe umewazidi wengine kwa pointi mbili. Matokeo yalikuwa 11 kwa 9. Ukijua kanuni hiyo waweza kuona mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa: hapana njia ya kufika 11 kwa 9 bila kupita 9 kwa 9. Wasichana wanne walisimama pale wakiwa sawasawa kabisa, na pointi mbili tu zikabaki kati ya furaha na huzuni. Zote mbili zilikwenda kwa Okutoyi na Nijkamp. Mkenya alikuwa ametwaa taji la mashindano makuu ya tenisi kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, na lilikuwa taji la wawili.

Yatupasa tuseme kweli juu ya taji hilo. Lilikuwa la vijana, na kutoka kwa vijana hadi kwa wakubwa njia ni ndefu. Victoria Mboko, aliyeshindwa siku ile, mwezi Agosti mwaka 2025 alishinda mashindano makubwa ya wanawake mjini Montreal, akimshinda Naomi Osaka katika fainali. Okutoyi alifuata njia nyingine: mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akisoma na kucheza, na mwezi Machi mwaka 2024 alishinda medali ya dhahabu ya mchezo wa mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Usiwapime wawili hao kwa kipimo kimoja. Aliyekulia Kanada alikuwa na mashindano, walimu na viwanja karibu na nyumbani. Aliyekulia Nairobi alilazimika kuvuka mipaka tangu utotoni ili afundishwe tu.

Sasa na turudi Barabara ya Ngong. Yuko mtu atakayesema: jengeni viwanja ndani ya Kibera na Kawangware, na mambo yatakwisha. Nia yake ni njema, lakini na tupige hesabu. Eneo la mistari peke yake, mita 23.77 kwa mita 10.97, ni mita za mraba 261 hivi. Chumba cha kawaida cha kupangisha katika mitaa hiyo ni futi 10 kwa futi 10, yaani mita za mraba 9 na kitu. Uwanja mmoja, bila hata nafasi ya kukimbilia pembeni, ungechukua ardhi ya vyumba 28. Ukiongeza nafasi hiyo, vyumba vyapata 70. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 185,777 katika wilaya ndogo ya Kibra. Nani atazihamisha familia 70 ili watu wanne wacheze? Mwenye njaa ya nafasi hatakushukuru.

Na yuko mwingine atakayesema: tenisi ni mchezo wa matajiri, watoto wa mitaa hiyo wana kandanda, inawatosha. Huyu nia yake si njema, ingawa yeye mwenyewe aweza asijue. Hakuna mchezo uliozaliwa na tajiri tumboni. Althea Gibson aliuanza kwa kibao, barabarani. Kumwambia mtoto kwamba kitu fulani si cha watu wa namna yake ni kujenga ua wa pili, na ua huo ni mbaya kuliko wa waya, kwa sababu mtoto huenda nao kila aendapo.

Jibu liko katika historia niliyokusimulia. Viwanja vipo tayari. Viko upande wa pili wa ua, umbali wa kutembea kutoka Kibera na Kawangware, na saa nyingi za mchana viko vitupu. Kinachokosekana ni lango. Kila mtu niliyemtaja aliingia kwa sababu mtu mwingine alimfungulia. Gibson alichangiwa na mtaa, na Marble akamwandikia. Noah alionwa na Ashe. Wekesa alikuwa na Davis. Okutoyi alikuwa na nyanya aliyefagia karibu na uwanja, na shule ambayo haikumfukuza mtoto wa mtumishi alipoukanyaga. Hilo la mwisho laonekana dogo. Mtu mmoja angeweza siku moja kusema, "Toka hapo, wewe," na taji la mwaka 2022 lingekuwa la wengine.

Basi, msomaji, labda shule yako ina uwanja wa aina fulani: wa tenisi wenye nyufa, wa mpira wa kikapu, au ukuta mpana tu unaofaa kupigia mpira. Tazama ni nani huutumia, na ni nani husimama kando akitazama. Huenda yuko mtoto wa mpishi, wa bawabu au wa mwenye kibanda cha mkate langoni. Mpe raketi, umsimamishe upande wako wa wavu. Mpira wa kwanza ataukosa, na wa pili pia. Nawe ziba pengo, umngoje.